Meli Iliyongoja Juu

Hadi leo Clémence hajui ule ukurasa ulifikaje Bunia. Karatasi za kufungia mandazi huzinunua sokoni kwa furushi, na siku zote ni zilezile: madaftari ya shule, hesabu zilizokatwa kwa wino mwekundu, insha za watoto waliokwenda likizo kwa bibi. Katika furushi lile, katikati ya madaftari ya darasa la nne, kulikuwa na ukurasa mmoja tu wa gazeti la zamani, karatasi nzito ya kung'aa, na juu yake picha ya wanaume kumi na wawili waliosimama kwenye mgongo wa chombo cha chuma, mikono wameifunga kifuani kama timu ya mpira. Alimwuliza mwenye kumuuzia, naye akasema hajapata kuuona. Alimwuliza dereva wa lori lililoleta furushi kutoka Mahagi, dereva akaapa kwamba yeye alipakia vitunguu. Basi ukurasa ukabaki kama mgeni asiyesema ametoka wapi, na mgeni kama huyo hukaribishwa tu, maana amekwisha kukaa.

Alikaribishwa mtaa wa Ngezi, pembeni ya kibanda cha vipuri vya pikipiki, mahali ambapo Clémence huuza kahawa yenye tangawizi kwa watu wanaokaa juu ya ubao mmoja mrefu. Ubao ule ulitoka ubavuni mwa lori bovu, umelazwa juu ya mawe mawili, na la upande wa kushoto limezama kidogo, hivi kwamba anayekaa mwisho ule huteleza polepole na kujirudisha, huteleza na kujirudisha, mpaka kahawa iishe.

Asubuhi hiyo, siku ya Jumatano, Clémence alikuwa na jambo zito moyoni. Mama Anastasie, mama mkwe wake, alikuwa amefika kwa neno moja, na angerudi Mahagi Jumatatu. Liévin, mwanawe, ndiye aliyekuwa mume wa Clémence. Alibaki ndani ya shimo la dhahabu upande wa Mongbwalu miaka miwili iliyopita, yeye na wenzake wanne, udongo ulipoanguka. Mwili haukutoka. Kwao Liévin, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa mgomba: hukatwa shina la urefu wake, huvikwa, hulazwa kaburini, na hapo ndipo kilio huisha. Lakini mgomba haubebwi na yeyote. Huubeba mtu wa mwisho aliyesema na marehemu. Pasipo huyo, Mama Anastasie alisema, mnapanda ndizi tu.

Na mtu wa mwisho aliyesema na Liévin alikuwa amekaa palepale kwenye ubao, mwisho ulioinama, akiteleza na kujirudisha.

Watu wa kijiwe walimwita Radio, kwa sababu hasemi. Jina lake Aaron. Alianza kuja mwaka uliopita, na wao hawakujua zaidi ya hapo. Clémence alijua. Mwanamke mmoja aliyewahi kuuza nguo kule machimboni alimnong'oneza: yule ndiye alikuwa mshika kamba wa shimo la mume wako, yule ndiye aliyekimbia. Clémence hakumwuliza kitu, na yeye hakusema kitu. Alimpa kahawa kila asubuhi, ila alimpa wa mwisho, ile ya chini ya thermos, yenye machicha ya tangawizi. Aaron aliinywa yote pamoja na machicha, akasema asante, akaenda. Waliishi hivyo, kama watu wawili waliobeba kabati moja bila kuonana uso.

Mama Anastasie alitaka mazishi yawe Jumamosi. Clémence alikuwa hajamjibu.

— Mama Gracia, leo mandazi yako umeifunga na Bulaya muzima, alisema Turbo kwa Clémence, ambaye kijiwe kizima humwita Mama Gracia, akiinua ukurasa na kulamba kidole. Turbo ni dereva wa pikipiki ya abiria. Jina lake la nyumbani ni Dady, na haendi haraka hata kidogo.

— Angalia bale batu, aliendelea. Banasimama juu ya nini? Juu ya samaki?

— Leta, alisema Mwalimu Katsuva.

Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini. Miwani yake ina mguu mmoja. Upande wa pili kuna uzi uliozungushwa sikioni. Aliupangusa ukurasa kwa mkono wa koti, akasoma kimya, akasogeza midomo.

— Hii iko sumaren.

— Sumaren njo nini?

— Masuwa ya vita, kama meli. Inatembeaka chini ya maji.

— Kwa kupenda? aliuliza Douane. Huyu aliandika hati za forodha Aru mpaka macho yalipochoka. Mamaye alimwita Roger, lakini mamaye tu.

— Kwa kupenda. Inazama, inatembea, inatoka.

— Kuzama, masuwa yote inajua, alisema Douane. Ile ya kutoka njo kazi.

Wakacheka. Clémence naye alitabasamu, akamimina vikombe vitatu vya kwanza.

— Soma jina, Mwalimu, alisema Turbo.

— Jina mafuta imekula. Inchi pia imekula. Iko mwaka tu, na yenyewe nusu. Iko zamani sana, mbele ya vita ya kwanza ya bazungu, wakati bo benyewe banajifunza bado. Metre makumi tatu na mbili. Juu ya maji inakula essence kama pikipiki, chini ya maji inakula batterie. Batu kumi na mbili. Fasi ya kulala, hapana. Choo, hapana.

— Ah! Na serikali inalipa batu baingie mule?

— Ilitumika miaka sita. Mwaka ya kwanza, ilifundisha zingine kuzama. Mwaka ya pili iligonga mutumbwi ya muvuvi, baliomba musamaha. Mwaka ya tatu waziri alikuya kuitembelea, aliingiza kichwa, alitosha kichwa, alisema ni muzuri sana.

— Huyu waziri namujua, alisema Douane. Alifika Aru pia.

— Mwaka ya ine, baliibadilisha moteur. Vita, haikupigana ata siku moja.

— Miaka sita bila kupigana, na bado inaitwa ya vita, alisema Turbo. Kama mulinzi wa ile pharmacie.

Mwalimu aliinua kidole. Hiyo ilikuwa dalili kwamba amefika mahali anapopapenda.

— Na panya.

— Panya gani?

— Panya mweupe, tatu, mu kizimba. Mule ndani harufu ya essence inauaka mutu bila kupiga hodi. Sasa panya iko mutu mudogo, yenyewe inaanguka mbele. Batu bakiona panya imelala, banajua: tutoke.

— Mu shimo iko bougie, alisema Clémence.

Hakukusudia kusema. Maneno yalitoka kama kahawa inavyotoka mtu akiinamisha thermos bila kuangalia. Liévin ndiye aliyemweleza, jikoni, akishika mshumaa: moto ukisimama, hewa iko, moto ukilala, mtu atoke bila kuuliza. Watu wote watatu walitazama ndani ya vikombe vyao. Walijua habari za Liévin. Hakuna Ngezi asiyezijua. Mwishoni mwa ubao, Aaron aliteleza, na safari hii hakujirudisha.

Turbo alikuwa wa kwanza kupiga kelele, na kelele yake ilikuwa ya huruma. Kijiwe kile kilikuwa na desturi hiyo: mmoja akiguswa kidonda, wengine hugombana haraka juu ya kitu kingine.

— Mwalimu! Ilipoteaje, hii sumaren? Banasema ilipotea?

— Ilipotea. Asubuhi moja mu mwezi ya kumi, bahari imelala kama maziwa. Ilitoka na masuwa ingine, ya kawaida, ile ya kuichunga. Njo ilikuwa sheria: sumaren ikienda chini, masuwa inabaki juu, inangoja. Saa ine ya asubuhi ilizama. Saa sita ilipashwa kutoka. Saa sita ilifika.

— Na?

— Maji tu.

— Iko nini ku mugongo ya karatasi?

Mwalimu alikandamiza ukurasa juu ya goti, upande wa picha ukiwa juu. Miaka thelathini hakuwahi kumruhusu mwanafunzi kufungua kurasa za majibu.

— Fikiria kwanza. Sababu gani ilipotea?

— Iko wazi, alisema Douane. Haikuzama. Iliuzwa. Miye nimeona malori inapotea kati ya Aru na mupaka, lori muzima, na dereva, na mizigo. Kisha ya mwezi mbili unaipita mu inchi ingine, rangi ingine, plaque ingine, dereva uleule anakupungia mukono. Bale kumi na mbili baliibadilisha rangi mule chini.

— Chini ya maji unapakaje rangi?

— Mwenda bure si mukaa bure!

— Ile methali inasema nini hapa?

— Inasema kama balikwenda bure, hawakukaa bure. Balipaka.

— Apana, alisema Turbo. Musikilize miye. Maji yote iko moja. Weye Mwalimu ulitufundisha.

— Sikufundisha vile.

— Chini ya udongo maji inashikana, kama mishipa. Sumaren ilizama mule kwabo, ilikosa njia, iliona tundu, iliingia. Ilitembea, ilitembea, mu giza. Unajua ilitokea wapi? Lac Albert! Baulize bavuvi ba Kasenyi. Banasemaka usiku banasikia chuma inakohoa chini. Banasema ni kiboko. Kiboko inakulaka essence? Chovya-chovya inamalizaka asali, njo ile: ilichovya, ilichovya, siku moja asali ilikuwa yetu.

— Dady, mwanangu, alisema Mwalimu kwa upole, ulipata ngapi mu jiografia?

— Makumi ine na tano kwa mia. Weye njo ulinipa.

— Nilikuhurumia.

— Basi weye sema yako, Mwalimu, Douane alimchokoza. Siye tumesema, weye unakalia karatasi kama kuku.

Mwalimu alivua miwani. Clémence alimwona akihangaika kati ya heshima yake na kijiwe, na kijiwe kikashinda.

— Panya, alisema. Panya balizoea. Miaka sita mu ile harufu! Angalia bale banauzaka essence mu chupa pa rond-point, banaipumua tangu asubuhi, na banaimba. Panya balinenepa, baliacha kuanguka. Batu mule ndani banaangalia panya, panya iko anakula mukate, banasema hewa iko muzuri, na bo benyewe banaanza kusinzia. Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu.

— Samaki iko na muguu?

— Panya iko nayo! Ine!

Walicheka mpaka mwenye kibanda cha vipuri alitoa kichwa. Clémence alicheka nao, na akiwa katikati ya kicheko alisikia kwamba anacheka, akanyamaza. Alijua wanafanya nini. Walikuwa wakiichukua ile bahari ya mbali wakiiweka kati yake na lile shimo. Lakini maji yale hayakutosha.

— Geuza, Mwalimu, alisema.

Mwalimu aligeuza ukurasa. Alisoma kwa muda mrefu, na aliposema sauti yake ilikuwa ya chini.

— Baliiona. Kisha ya miaka makumi nane. Bavuvi, nyavu yabo ilinasa. Iko pale chini, ku muchanga, inasimama vile tu. Milango yote imefungwa kwa ndani. Hawakuifungua. Banasema bale kumi na mbili baache balale. Baliandika mu ramani: hapa, musiguse.

Pikipiki mbili zilipita, na vumbi jekundu likatua juu ya mandazi. Clémence alilifunika beseni.

— Miye, alisema Douane hatimaye, hasira yangu haiko ku bale ba chini. Balifanya kazi yabo. Hasira yangu iko ku ile masuwa ya juu.

— Ilifanya nini?

— Njo ile! Ilifanya nini? Kazi yake moja tu, kungoja! Na mwisho ilirudia nyumbani. Mwalimu, soma, ilirudia?

— Ilirudia. "Iliporudi bandarini, taa zake zote zilikuwa zinawaka."

— Umesikia? Na taa! Kama harusi! Capitaine ule ni muoga. Aliona maji, aliogopa, alikimbia, alienda kula.

— Miye ningeruka mu maji, alisema Turbo.

— Weye hujui kuogelea.

— Ningeruka vile vile. Mutu anayeacha benzake chini, huyu siyo mutu.

Clémence hakuwatazama wao. Alimtazama Aaron. Mtu yule alikuwa ameshika ukingo wa ubao kwa mikono miwili, na ubao ulikuwa hautikisiki, ila yeye alishika kama unaotikisika. Clémence alikuwa amengoja mwaka mzima mtu amwambie Aaron maneno yale usoni. Alidhani siku akiyasikia yakisemwa atashiba. Sasa yalikuwa yamesemwa, na wenye kuyasema hawakujua wanamsema nani, na yeye hakushiba.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja ambaye hawakumjua, mwenye kapu la lenga-lenga kichwani, mboga bado zina maji. Alishusha kapu, akaomba kahawa, akasema jina lake ni Rébecca, anatoka Djugu, sasa anaishi na wengine waliokimbia vita, kambini. Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu aliyechoka kuulizwa. Turbo alimpisha. Rébecca alishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza wanagombana nini, na Mwalimu akamweleza yote, sumaren na panya na wavuvi, na ile meli nyingine iliyobaki juu.

Rébecca alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

— Na ile masuwa ya juu, ilingoja siku ngapi?

— Iko hapa, alisema Mwalimu, akitafuta kwa kidole. "Meli ilibaki mahali palepale kwa…"

Kidole kilifika pembeni na kutoka nje ya karatasi. Kona ilikuwa imechanika. Clémence aliikumbuka: aliichana mwenyewe alfajiri, akafungia andazi moja la mteja wa kwanza, mtu aliyekuwa akikimbilia basi.

— Saa moja tu, alisema Turbo, lakini polepole.

— Mu règlement, mu sheria, pengine ni siku mbili, alisema Douane.

— Haiko, alisema Mwalimu. Haionekane. Sijui.

— Sababu miye, alisema Rébecca, siku tulikimbia, nilingoja kaka yangu pale njia inaachana. Nilingoja tangu jua inatoka mpaka inakuwa pa kichwa. Kisha batoto balianza kulia, nilienda. Na leo bado nauliza: ilikuwa mingi ao kidogo? Musamutukane ule capitaine. Kwanza mujue siku ngapi.

Douane aliuchukua ukurasa kwa Mwalimu, akaugeuza kuitafuta ile namba mwenyewe. Alikuwa mtu wa kujibu kila swali kwa mhuri.

— Kumi na moja.

Hawakuitambua sauti. Turbo aligeuka kutazama barabara, akidhani kuna mtu amesimama nyuma.

— Siku kumi na moja, alisema Aaron tena.

— Radio? alisema Douane. Weye ulisoma hii gazeti?

— Apana. Nasema yangu.

Aliinuka, kwa sababu mwisho ule wa ubao haumfai mtu mwenye kusema. Alisimama akiwa amegeukia thermos, hakumgeukia Clémence.

— Miye nilikuwa mushika-kamba. Ku shimo ya Liévin. Mama Gracia anajua, tangu zamani anajua, na ananipa kawa. Mushika-kamba haachilie kamba. Batu ba chini bakitaka kitu, banavuta. Mara moja: unipandishe. Mara mbili: ngoja. Mara tatu: nimefika muzuri, achilia kamba. Njo luga yetu.

Alikunja vidole kama mwenye kushika kamba.

— Siku ile Liévin alivua shati, alinipa. Alisema, "Weka hii fasi kavu, mvua inakuya." Alishuka. Hajavuta bado mara tatu, udongo ilienda. Yote. Kamba ilibaki, ncha moja mu mukono yangu, ingine chini. Batu balichimba. Miye sikuchimba, nilishika kamba. Siku ya tatu, asubuhi, kamba ilivuta. Mara mbili.

— Mara mbili, alisema Mwalimu bila sauti.

— Nilipiga kelele. Batu balikuya, balishika, hawakusikia kitu. Balisema ni udongo inajipanga. Pengine ni udongo. Miye sijui. Miye najua mara mbili ni ngoja. Sasa nilingoja. Siku ya tano maji ilijaa, baliacha kuchimba. Nilibaki. Balinileteaka chakula pale pale. Siku ya kumi na moja masasi ya bunduki ilianza kulia ku mulima, batu bote baliondoka. Nilifunga kamba ku muti, mafundo tatu. Nilikimbia. Yenye banasema iko kweli, Mama Gracia. Nilikimbia.

Akakaa. Ubao ulimtelezesha, naye akauacha umtelezeshe.

Kwa miaka miwili Clémence alikuwa na picha moja kichwani: mkono unaofunguka. Udongo unalia, na mkono wa mtu unafunguka mara moja, na kamba inashuka shimoni kama nyoka. Alikuwa ameitazama picha hiyo hata akaijua kila kidole. Sasa alijaribu kuiona, na mkono haukufunguka. Ulikuwa umeshika kamba mchana na usiku, umeshika chini ya mvua, na mtu mwenye mkono huo akilishwa. Na kitu kingine kilimjia, kikali zaidi: siku ya tatu. Kama ni Liévin, basi siku ya tatu alikuwa hai, na neno alilolituma juu halikuwa la kulia wala la kulaumu. Alisema wamngoje. Kama ni udongo, basi ni udongo. Hilo hakuna ambaye angelijua kamwe, si Aaron, si yeye, si Mama Anastasie aliyemzaa. Angelibeba hivyo hivyo, bila jibu.

Zamu ya Aaron ilikuwa imefika. Clémence aliinamisha thermos. Yakatoka machicha tu. Kahawa ya kuuza ilikuwa imeisha. Aliweka kikombe kile chini. Chini ya meza kulikuwa na thermos ya pili, ndogo, ya bluu, aliyomtengea mama mkwe wake. Aliifungua, akamimina kikombe kisafi mpaka ukingoni, akampelekea mkononi.

— Shati iko wapi? aliuliza.

— Niko nayo. Iko fasi kavu.

— Mama mukwe wangu iko hapa. Anataka Siku ya Posho, Jumamosi hii, tuzike mugomba. Kwabo, mutu ule alisema na marehemu ya mwisho, huyu njo anabebaka.

— Mama Gracia, miye nilikimbia.

— Siku ya kumi na moja, alisema Clémence. Nimesikia.

Aaron alishika kikombe na hakukinywa. Douane alijikohoza, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hati:

— Aaron. Ile neno ya capitaine. Naiondoa.

— Hukusema juu yangu, muzee.

— Naiondoa vile vile. Hata ku capitaine naiondoa. Sijui siku ngapi.

Basi likaamuliwa palepale, kahawa ya mama mkwe ikiisha kikombe kwa kikombe. Jumamosi. Mgomba utakatwa shambani kwa binamu yake Turbo, naye Turbo atauleta kwa pikipiki, polepole, kama kawaida yake. Wakagombana kidogo juu ya urefu, maana kijiwe ni kijiwe: Douane alisema Liévin alikuwa na mita moja na sabini, Turbo akasema alikuwa akiinama kuingia kila mlango wa Ngezi, Mwalimu akataka kipimo. Clémence alisimama, akaweka kiganja hewani, juu ya kichwa chake, mahali ambapo kilikuwa kikifika kila alipomnyooshea kola ya shati. Hawakugombana tena.

— Mugomba ya kukata iko ile imezaa, alisema Rébecca, akijitwika kapu lake. Musikate yenye haijazaa. Miye nitakuya na lenga-lenga.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi na ikaacha. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba ya Clémence, jembamba na lisilo na kina kirefu, karibu na jiko. Mama Anastasie mwenyewe aliuvika mgomba shati la Liévin, akafunga vifungo vyote, akaacha cha juu kwa sababu mwanawe hakuwahi kukifunga. Alimtazama Aaron kwa muda mrefu, akamwuliza neno moja tu: kama alimsikia Liévin akisema mwisho. Aaron akamwambia habari ya shati na mvua. Mama Anastasie akaitikia kwa kichwa, akasema huyo ni mwanangu kweli, akapisha.

Aaron aliubeba mgomba begani kutoka mlangoni hadi kaburini, peke yake. Mwalimu alisali. Kisha Aaron alifunga kamba kwenye mgomba, akasimama ukingoni, akaanza kuushusha mgomba taratibu, mkono baada ya mkono, mpaka ukalala chini. Kamba ililegea. Wengine walingoja aiachilie, naye hakuiachilia. Aliishika tu, akitazama chini, na watu wakaanza kutazamana, na Douane akasogea kama mtu anayetaka kumsaidia.

Clémence alipiga magoti kwenye udongo uliolowa. Aliingiza mkono kaburini, akaishika kamba kwa chini, karibu na shati, akavuta mara tatu.

Aaron akaachilia.